Taarifa kwa Waliotazama Ile Video

Kwanza kabisa, sikuwa na kifafa. Kulewa pia sikulewa, na anayesema nilikuwa naombewa aulizwe alikuwa amesimama wapi. Najua mmeiona ile video ya mwalimu wa Gredi ya 3 aliye juu ya meza akirusha mikono huku ameshikwa miguu; mwalimu huyo ni mimi. Mimi mwenyewe nimetumiwa na shemeji yangu aliye Kisii, nikatumiwa na fundi wangu wa viatu, na jana konda wa matatu ya Umoja alinirudishia chenji huku akipiga mikono hewani, gari zima likaangua kicheko. Aliyeisambaza ni rafiki yangu, mwalimu wa Gredi ya 2, mtu ambaye tunakula githeri sahani moja. Amekata mwanzo, amekata mwisho, akaacha zile sekunde tu. Haya, sasa sikieni yaliyokatwa.

Walimu mlio humu mnajua kwamba kuogelea kumo kwenye mtaala wa madarasa ya chini. Wazo lenyewe sina ugomvi nalo hata kidogo. Mvua za Aprili 2024 zilinikuta hapa hapa Nairobi, Mathare ikifagiliwa na maji, shule zikachelewa kufunguliwa hadi katikati ya Mei, na nchini watu zaidi ya 200 wakafa. Mtoto wa Eastlands, huku kwetu mashariki mwa Nairobi, afundishwe maji, tena mapema. Swali langu ni moja tu: bwawa liko wapi?

Kwetu hakuna bwawa. Hata uwanja sasa hakuna, kwa sababu Gredi ya 7, mwanzo wa sekondari ya chini, ilipoletwa shule za msingi mwaka 2023 tuligawana madarasa, ikaja ya 8, ikaja ya 9 mwaka 2025, na pale watoto walipokuwa wakicheza mchezo wa kati leo pamesimama darasa la mabati. Mfereji nao hutoa maji kwa zamu, na zamu yetu inaonekana ni usiku wa manane. Pesa za serikali nazo ni zile zile, shilingi 1,420 kwa kila mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka. Gawa kwa siku za mwaka uone. Haifiki hata shilingi 4 kwa siku, na mandazi hapa langoni ni 10. Na hapo nahesabu kana kwamba zinakuja zote, na zinakuja kwa wakati. Elimu ya msingi ni bure tangu 2003, asante, ila hiyo bure kuna mahali hulipiwa, na mara nyingi ni kwenye mfuko wa suruali yangu.

Sasa tukaambiwa kuna afisa anakuja kukagua masomo. Nikafungua azimio la kazi, ule mpango wa masomo ya muhula, nione wiki hiyo ni mada gani. Kutoa pumzi majini! Nikamkimbilia naibu, nikamwambia, "Mwalimu, tuweke hesabu." Akanitazama kwa huruma. "Azimio lako si limeshapakiwa kwenye mfumo? Wewe faragua tu."

Basi nikafaragua. Nikaazima karai kwa Mama Uji anayeuza pale nje ya ukuta, nikanunua jerikani ya maji kwa kijana wa mkokoteni, na meza ikawa yangu mwenyewe. Halafu kuna hili la ushahidi. Siku hizi mwalimu akitathminiwa anadaiwa ushahidi, na bila picha ni kama hukuingia darasani. Kwa hiyo ndiyo, ni mimi niliyemwita rafiki yangu wa Gredi ya 2 aje na simu. Mnaouliza kwa nini kulikuwa na kamera, jibu ndilo hilo, muache kuniuliza.

Hapa twende polepole, maana hapa ndipo mlipochekea.

Nimevua koti. Nimekunja mikono ya shati. Nimeilalia meza kwa tumbo, na tumbo langu mnalijua, kwa hiyo kichwa na miguu vilining'inia hewani vyenyewe bila mimi kujisumbua. Karai liko juu ya kiti, chini ya kidevu changu. Watoto ni 80 na kitu, nimewapa maagizo: "Mwalimu akiingiza uso majini, nyinyi laleni juu ya dawati mpige miguu. Akiutoa, mnavuta pumzi. Tumeelewana?"

"Ndiyo mwalimuuu!"

Nikafumba macho, nikaingiza uso. Nikaanza kutoa mapovu, bubububu, mkono wa kulia mbele, wa kushoto nyuma, miguu papatu papatu.

Jameni, ukiwa na masikio ndani ya karai husikii dunia. Mle ndani mlikuwa na utulivu ambao sijaupata tangu nianze kazi hii. Maji yalinukia uji wa wimbi kwa mbali. Hakuna kengele, hakuna "mwalimu huyu amenichukulia penseli". Nikaona naweza kukaa humo hadi nistaafu.

Yaliyokuwa yakitendeka huko nje nimeyajua baadaye kwa kutazama video kama nyinyi. Madawati yetu hukaliwa na watoto wanne wanne, kwa hiyo waliolala walilala juu ya wenzao, na kila aliyepiga miguu alimpiga mtu. Kelele ikapanda. Wakati huo Mama Uji anakuja kuchukua karai lake, maana mapumziko yamekaribia na vikombe havijaoshwa. Akachungulia dirishani. Akaona darasa zima limelala kifudifudi linatetemeka miguu, na mwalimu wake yuko juu ya meza, kichwa ndani ya karai, anarusha mikono.

Mama Uji kwao ni Kakamega. Mwaka 2023 huko kulitokea kile kisa cha wasichana wa shule ya sekondari, makumi walishikwa miguu wakawa hawawezi kutembea vizuri, nchi nzima ikashtuka. Mama wa watu hakufikiri mara mbili.

"Woooi! Umefika! Ule ugonjwa umefika Nairobi!"

Mimi sijasikia kitu. Mimi niko majini, natoa pumzi kulingana na mtaala. Nilichohisi ni mkono umenishika kola na kunivuta juu, na kwa kuwa wakati huo nilikuwa nimeshaishiwa na pumzi, nikavuta hewa kabla uso haujatoka majini. Nikapaliwa. Maji yakaingia puani, yakatokea mdomoni, macho yakanitoka pima. Hapo, nakubali, nilifanana na mgonjwa.

"Anatoa povu! Shikeni miguu!"

Watoto wa serikali ni watiifu. Wakashika miguu.

Mama Uji alikuja na mwiko wake, hautoki mkononi mwake huyo mama. Akaupitisha mdomoni mwangu, meno kwa meno, ati nisijing'ate ulimi. Mwiko wa uji wa moto, bado una uji. Nikajaribu kumwambia, "Mama, ni somo," lakini ukiwa na ubao mdomoni herufi nyingi hukataa. Kilichotoka ni "Hama, hi homo." Mama mmoja aliyekuwa akipita koridoni, amekuja kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, akapiga magoti. "Ananena kwa lugha!" Na hayo, ndugu zangu, ndiyo maombi mnayoyasema.

Rafiki yangu je? Anasogeza simu karibu. Katika video kuna mahali picha inatikisika. Wengi mmedhani ni hofu. Alikuwa anacheka.

Kisha kijana wa dawati la mbele, mtoto ninayempenda sana, akakumbuka dawa ya kifafa aliyoiona kwa nyanya yake. Akavua kiatu. Akakileta. Akakibandika puani mwangu kwa mikono miwili, kwa heshima zote, na kiatu hicho nawahakikishia kilikuwa kimevaliwa bila soksi tangu muhula ufunguliwe. Nikarusha teke. Waliokuwa wameshika miguu wakaachilia kwa pamoja. Meza, ambayo mguu wake mmoja tumeuombea fundi miaka na miaka, ikaamua. Nikashuka chini, karai likashuka baada yangu, likanikaa kichwani.

Nikiwa ndani ya karai nikaisikia sauti ya mwalimu mkuu mlangoni, tamu, ile anayoitumia kwa wageni:

"Na hapa, madam, ni Gredi ya 3. Hawa wana mwalimu wetu mwenye uzoefu mkubwa."

Kimya. Matone tu, to, to, kutoka kwenye shati langu. Nikainua karai. Madam afisa amesimama na fomu yake, mwalimu mkuu amefumba macho, Mama Uji ameshika mwiko juu, yule mzazi bado yuko magotini, na watoto, kwa kuwa uso wa mwalimu umetoka majini, wote kwa sauti moja wakavuta pumzi. Hiiiip!

"Tunaogelea, madam," akasema yule kijana, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

Mengine ni mafupi. Nililetewa maji ya sukari, nikaletewa koti, nikaingia darasani baada ya mapumziko nikafundisha hesabu ya kutoa kwa kukopa. Fomu ilirudi juzi. Vifaa: kufikia matarajio. Usalama: mbali na matarajio. Lakini kwenye kile kipengele cha kushirikisha wazazi na jamii katika ujifunzaji, madam ameandika kwa kalamu nyekundu: kuzidisha matarajio. Naibu anataka niwaelekeze walimu wengine namna ya kufanya hivyo.

Rafiki yangu anasema ataifuta video nikimnunulia chakula cha mchana. Sitanunua. Shilingi zote zimeenda kwa kijana wa mkokoteni, na karai lilipasuka pale lilipokutana na kichwa changu. Mama Uji anataka karai jipya, na mwiko pia, anasema una alama za meno na wateja wameanza kuuliza. Nilimpelekea mwalimu mkuu hesabu hiyo kwa maandishi. Akasema tungoje pesa za muhula. Nikamfikishia Mama Uji. Ameniuliza, muhula upi?