Ningepiga Hapana, lakini nilitaka kupiga

Kijitabu cha Katiba Inayopendekezwa ya Tanzania bado ninacho. Kurasa za Muungano nimezichorachora kwa penseli mpaka zimetoboka, maana nilikuwa na hasira. Kura ya maoni ilipangwa Aprili 30, 2015, na mimi nilishaamua: Hapana.

Sababu yangu ilikuwa moja. Tume ya Jaji Warioba, iliyokusanya maoni ya katiba mpya, ilizunguka nchi ikisikiliza watu, ikaja na rasimu ya serikali tatu: ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar. Rasimu ilipofika Dodoma mwaka 2014, Bunge Maalum likairudisha kwenye mbili. UKAWA, umoja wa wapinzani waliotetea rasimu ya Warioba, wakasusia mwezi Aprili, waliobaki wakaendelea mpaka Oktoba. (Posho ya shilingi 300,000 kwa siku, yenyewe haikususia.)

Halafu Aprili 2, zimebaki wiki nne, Jaji Lubuva wa Tume ya Uchaguzi akatangaza kuahirisha: uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine za BVR, zinazochukua alama za vidole, haujakamilika. Ni kweli haukuwa umekamilika. Ila anayeahirisha hutaja siku nyingine, na siku hiyo sijaisikia mpaka leo.

Wenzangu wa Hapana walifurahi. Mimi sikuona cha kufurahia. Wakenya mwaka 2005 waliikataa katiba yao sandukuni, chungwa, alama ya Hapana, likaishinda ndizi ya Ndiyo, na kila mwanasiasa akaona kwa macho yake kwamba wananchi wamegoma. Agosti 2010 wakaletewa nyingine, wakaipitisha. Sisi tuliikataa lini? Mezani kwa kahawa tu.

Tena sheria yetu ilitaka Ndiyo ipate zaidi ya nusu ya kura Bara, na zaidi ya nusu Zanzibar, kila upande kivyake. Safari hiyo Unguja na Pemba zisingemezwa na wingi wetu. Kwao si jambo geni. Julai 2010 walipiga kura yao ya maoni kuhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa.

Ndiyo maana nikisikia mjadala wa kuanza upya kuandika katiba, mimi nasema leteni kwanza kijitabu kilekile kwenye sanduku, kianguke mbele ya mawakala, ndipo turudi kwa Warioba. Mtaniambia ni kupoteza fedha kupigia kura kitu ambacho jibu lake linajulikana. Linajulikana na nani? Mke wangu alikuwa Ndiyo, kwa ajili ya hamsini kwa hamsini ya wanawake na wanaume bungeni. Tulibishana miezi mitatu, na hajabadilika.