Pesa za Wageni, Nyumba za Wenyeji: Hesabu Ngumu ya Prince Edward County

Prince Edward County ni kipande cha ardhi kilichochomoza ndani ya Ziwa Ontario, takriban kilomita 200 mashariki mwa Toronto, na tangu mfereji wa Murray ulipofunguliwa mwaka 1889 kimezungukwa na maji pande zote. Sensa ya Kanada ya 2021 ilihesabu wakazi 25,704 katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,050. Sehemu kubwa ni mashamba ya mahindi, soya na mizabibu yenye vijiji hapa na pale, na mji wenye ukubwa wa kutajika ni mmoja, Picton. Mwaka 1998 manispaa 10 ndogo zilizokuwapo ziliunganishwa kuwa halmashauri moja, na kwa hiyo madiwani walewale wanaamua kuhusu barabara za mashambani, mabomba ya mjini, leseni za nyumba za wageni na mpango wa matumizi ya ardhi. Kwa miaka mingi mjadala mkubwa katika halmashauri hiyo umekuwa juu ya mtalii: je, anaijenga County au anaimaliza? Swali hilo ni la haki, lakini naona limepewa uzito kupita kiasi, na limelifunika jingine lenye nguvu zaidi ya kuamua nani ataweza kuishi pale, nalo ni swali la maji.

Si mara ya kwanza kwa kisiwa hiki kutegemea mteja mmoja. Kati ya miaka ya 1860 na 1890 wakulima wake walitajirika kwa kulima shayiri na kuivusha kwa mashua kwenda kwenye viwanda vya bia vya Marekani, na nyumba nzuri za matofali ambazo wageni huzipiga picha leo nyingi zilijengwa kwa pesa hizo. Mwaka 1890 Marekani ilipitisha sheria ya McKinley, iliyopandisha ushuru wa shayiri kutoka nje, na soko hilo likafa. Wakulima wakahamia kwenye matunda na mboga, viwanda vya makopo vikaota, vikasitawi kwa vizazi kadhaa, kisha navyo vikafungwa kimoja baada ya kingine katika nusu ya pili ya karne ya 20. Ndiyo maana mizabibu ilipoanza kuzaa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na jimbo la Ontario likalitambua eneo hilo rasmi kama eneo la mvinyo mwaka 2007, wengi waliona riziki imerudi. Mtu yeyote aliyejua walikotoka hakuwa na haki ya kuwacheka.

Wanaoutetea utalii wana hoja nzito. Mkulima wa zabibu katika eneo hilo hufanya kazi ambayo mwenzake wa Ufaransa kwa kawaida haihitaji: kila vuli huzifunika shina za mizabibu kwa udongo, kwa sababu baridi ya chini ya nyuzi 20 za hasi inaweza kuziua, na kila masika huzifukua tena. Gharama hiyo hailipiki kwa kuuza mvinyo dukani kwa bei ya ushindani. Inalipika mgeni anapofika mwenyewe shambani, akaonja, akanunua kreti na kula chakula cha mchana. Vivyo hivyo kwa mtengeneza jibini, mchoraji na mwenye duka la vitabu. Ukiwaondoa wageni, sehemu kubwa ya ardhi hiyo itarudi kwenye mashamba makubwa ya nafaka yanayoajiri watu wachache sana, na vijana watazidi kuondoka mahali ambapo umri wa kati wa wakazi tayari umepita miaka 55.

Upande wa pili nao hauhitaji kutia chumvi. Nyumba ya familia iliyonunuliwa na mtu wa Toronto na kupangishwa kwa usiku mmoja mmoja ni nyumba iliyotoka kwenye soko la mwalimu, muuguzi na mpishi. Halmashauri ililitambua hilo na mwaka 2018 ikapitisha masharti ya nyumba za kupangisha kwa muda mfupi, pamoja na mipaka ya idadi yake katika mtaa mmoja, kisha ikafuata mfumo wa leseni. Hata hivyo nyumba zilizokuwa tayari katika biashara hiyo kabla ya sheria hazikuondolewa, kwa sababu sheria za mipango ya ardhi za Ontario hulinda matumizi halali yaliyotangulia. Matokeo yake ni kwamba sheria ilizuia hali isizidi kuwa mbaya, lakini haikurudisha nyumba zilizokwisha kupotea, na waliotangulia wakabaki na mali ambayo uhaba wa leseni umeipandisha thamani. Mimi naunga mkono masharti hayo. Sikubaliani tu na wale wanaoyasimulia kana kwamba yametibu ugonjwa.

Ukifuata njia ya pesa utaona ni kwa nini halmashauri haichumi kutoka kwa mgeni kiasi ambacho mtu angedhani. Kivutio kikuu ni fukwe na vilima vya mchanga vya Sandbanks, lakini hifadhi hiyo ni ya jimbo, na kiingilio chake huenda kwenye hifadhi za jimbo. Barabara zinazojaa magari mwezi Julai, taka zinazoachwa kando yake na kikosi cha zimamoto kinachoitwa usiku ni mzigo wa manispaa. Halmashauri hutoza ushuru wa malazi, ila kwa kanuni za Ontario kiasi kisichopungua nusu ya ushuru wa namna hiyo hupaswa kupelekwa kwenye chombo cha kukuza utalii. Yaani mahali panapolalamikia wingi wa wageni panalazimika kutenga fedha za kuwaalika wengine. Tegemeo kubwa linabaki kodi ya majengo, ambayo katika jimbo zima bado hukadiriwa kwa thamani za Januari 2016, huku mashamba yakitozwa robo tu ya kiwango cha makazi. Nafuu hiyo kwa mkulima naiona sahihi, maana bila yake ardhi ingeuzwa kwa wajenzi, lakini katika manispaa iliyojaa mashamba ina maana kwamba wenye nyumba wanabeba sehemu kubwa ya bajeti.

Sasa tuje kwenye maji. Baada ya maafa ya Walkerton ya Mei 2000, ambapo maji ya bomba yaliyochafuliwa katika mji mdogo wa Ontario yaliua watu 7 na wengine zaidi ya 2,000 wakaugua, jimbo lilikaza viwango vya usafishaji, upimaji na mafunzo ya watendaji. Hakuna mwenye akili anayetaka kurudi nyuma. Lakini gharama za mtambo wa maji hazipungui kwa kadiri watu walivyo wachache: pampu, maabara na wataalamu wanahitajika kwa mji mdogo kama kwa mkubwa, na wanaozigawana hapa ni wateja elfu chache tu wa Picton, Wellington na vijiji vingine vyenye mabomba. Wakazi wa mashambani wana visima vyao wenyewe na hawachangii bili hiyo. Ndiyo sababu bili za maji za County zimekuwa miongoni mwa zile za juu katika jimbo.

Huyo aliyekwepa bili kwa kuishi shambani naye hakuokoka. Udongo wa kisiwa hiki ni mwembamba juu ya mwamba wa chokaa wenye nyufa. Maji hupenya upesi na uchafu hupenya nayo. Katika ukame wa 2016 visima vingi vilikauka, watu wakanunua maji ya lori. Kwa hiyo anayefikiria kuhamia huko, wakiwemo Waswahili wenzetu wa Toronto na Ottawa waliochoshwa na kodi za pango za mijini, asiangalie bei ya nyumba peke yake. Apime kisima mwishoni mwa kiangazi na si mwezi Aprili theluji inapoyeyuka, akague shimo la maji taka, na ahesabu gari la pili, kwa kuwa mabasi ni machache na hospitali kubwa iko Belleville, nje ya kisiwa.

Anayetaka kufungua biashara naye ana hesabu yake. Miezi ya Januari hadi Machi migahawa mingi hufunga au hupunguza siku, lakini riba ya benki haifungi. Kumpata mpishi si tatizo kubwa kama kumpatia mahali pa kulala, na baadhi ya waajiri wamelazimika kutafuta nyumba za wafanyakazi wao. Mashambani kuna kundi jingine ambalo mjadala wa wenyeji na wageni huliruka kabisa: vibarua wa msimu kutoka Mexico na Jamaika, wanaoruhusiwa kukaa hadi miezi 8 kwa mwaka chini ya mpango ulioanza 1966, kwa vibali vilivyofungamanishwa na mwajiri, wakilala katika nyumba za mwajiri. Wengine hurudi mwaka baada ya mwaka, na hawana kura wala nafasi katika hesabu ya nani mwenyeji.

Njia iliyo wazi ya kupunguza makali ni kuongeza nyumba ndani ya miji yenye mabomba, ili gharama igawanywe kwa wengi. Ipo mipango ya maelfu ya nyumba, mkubwa wao ukiwa kwenye kambi ya zamani ya mafunzo ya anga ya Vita Kuu ya Pili juu ya Picton. Wapinzani wanauliza swali ambalo halipaswi kubezwa: halmashauri ikikopa leo kwa mtambo wa watu ambao hawajafika, na soko la nyumba likalala, nani atalipa mkopo? Jibu ni wateja walewale elfu chache. Hatari hiyo ni ya kweli, ila kutojenga nako kuna bili yake, maana mabomba ya zamani yanachakaa bila kungoja uamuzi wa madiwani. Kwa maoni yangu mtambo ujengwe kwa awamu, kila awamu ifunguliwe baada ya wajenzi kuweka fedha mezani, na sehemu ya nyumba ifungwe kwa mkataba kuwa za kupangishwa kwa mwaka mzima. Wajenzi watalalamika kwamba masharti hayo yanakula faida yao, na wana haki ya kulalamika. Lakini wao wanaweza kuhamishia mtaji wao kisiwa kingine, hali mkazi wa Picton hawezi kuhamisha bomba lake.