Mwacheni kwanza apate anwani

Msimu umefika. Matokeo ya kidato cha sita yametoka, waliomaliza shahada ya kwanza wanasaka nafasi za uzamili, na hapa Kigoma haipiti wiki bila kusikia mtoto wa fulani kapata chuo nje. Wengine India, wengine China, Uturuki, Algeria. Mimi nitaizungumzia Ujerumani, maana ndiko nilikosoma na ndiko ninakoulizwa kila nikikutana na mzazi pale Mwanga sokoni. Neno langu ni kwa wazazi, kina baba wadogo, mashangazi na kamati nzima ya michango: mtoto akishafika, mwaka wa kwanza msimwombe hela. Hata ile ya "vocha tu".

Najua nitaambiwa nimerudi na roho ya Kizungu. Sawa. Ila tupige hesabu kwanza.

Maneno mengi huanzia kwenye akaunti. Mwombaji viza asiye na ufadhili wala mdhamini hutakiwa kuonyesha kwamba ana fedha za kujikimu mwaka mzima. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904, na njia ya kawaida ni kuziweka mapema kwenye akaunti maalumu wanayoiita Sperrkonto. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni thelathini. Familia inauza kiwanja, mjomba wa Kasulu anatoa akiba ya maharage, kikundi cha akina mama kinakopesha. Kuanzia siku hiyo ukoo mzima unajua kwamba kijana "ana milioni thelathini benki Ulaya". Kinachosahaulika ni kwamba ile akaunti ina kufuli: kila mwezi inaachia euro 992, basi. Hata akililia dirishani hapewi za miezi sita kwa mpigo.

Na hizo 992 zina wenyewe. Bima ya afya ni lazima, na kwa mwanafunzi inakula kama euro 140 au 150 kwa mwezi. Chumba, ukibahatika, mia tatu na kitu. Kwenye miji mikubwa mia tano unaona ni nafuu. Mwenye nyumba anaruhusiwa na sheria kudai dhamana ya hadi kodi ya miezi mitatu. Kuna hata ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni usiwe nayo (hii ilinichefua kuliko baridi). Weka chakula, usafiri, mchango wa muhula chuoni, koti na viatu vya theluji. Nani hapo bado anaona chenji?

Wavuvi wa dagaa pale Kibirizi wanalijua jambo hili vizuri kutuzidi. Chombo kikirudi, kwanza hutolewa gharama za mafuta na taa, kinachobaki ndicho kinagawanywa. Hakuna mtu mzima anayekwenda kudai fungu lake kabla mafuta hayajalipwa. Kwa mwanafunzi tunadai chombo hakijatoka hata bandarini.

Maana hajatulia. Sheria ya kule inataka ukishahamia kwenye nyumba ujisajili ofisi ya makazi ndani ya wiki mbili, ukiwa na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba kwamba kweli unaishi pale. Ukisikia hivi unasema mbona rahisi, hata huku tunachukua barua ya serikali ya mtaa. Tatizo ni kuipata hiyo nyumba. Hosteli za wanafunzi zina foleni ya miezi. Wenye vyumba wanapokea maombi kwa makumi, na jina lako hawajui hata walitamkeje. Wengi huanza kwa kulala kwenye godoro la mwenzao, ambako mara nyingi karatasi ya kujisajilia haitoki. Bila usajili, namba ya mlipakodi haiji, na mwajiri anaitaka. Kuna benki hazikufungulii akaunti, na bila akaunti ya kawaida hizo 992 zitaingilia wapi? Viza ya kuingilia nayo huwa inakimbia kuelekea mwisho, na kibali cha ukaazi kinataka hizo karatasi zote pamoja.

Halafu mambo yote yanakuja kwa posta. Sisi tuliozoea "ukishuka ulizia kwa mama Fulani, karibu na msikiti" hatuelewi uzito wa kisanduku cha barua. Tarishi wa kule hasomi namba ya chumba, anasoma jina. Jina lako lisipokuwa kwenye kisanduku, barua inarudi ilikotoka, iwe ya benki, ya bima au ya uhamiaji. Nimeona vijana wasomi, wenye daraja la kwanza, wakikata karatasi ya daftari, wakiandika jina kwa kalamu nyeusi na kulibandika kwa selotepu chini ya jina la mtu waliyepanga kwake, kisha wanarudi kila asubuhi kuangalia kama selotepu haijabanduka.

Katikati ya hayo inaingia sauti ya WhatsApp. Nyuma kunasikika mashine za boti na watu wanapakia mizigo ya Burundi. "Shikamoo hujanipa, lakini si kitu. Mwanangu, hivi hizi injini za boti, huko kwenu si bei ya kawaida tu?" Baba mdogo hana nia mbaya. Alichangia. Kwake, huko kwenu ni huko ambako injini zinatoka.

Kijana naye ana lake. Anajibu "nitaangalia, baba", kisha anapanga wapi pa kupata zamu za ghala. Mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya ana ukomo wa kazi: tangu Machi 2024 ni siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka. Anazimaliza mapema ili atume hela nyumbani, mitihani inamkuta amechoka, na matokeo mabaya yanaweza kumletea maswali siku ya kuongeza kibali. Wakati huohuo anaweka picha kwenye theluji, koti limefungwa hadi shingoni, anacheka. Hiyo picha ndiyo inayoleta ombi linalofuata. Wanangu, wekeni picha mtakavyo, lakini wapigieni wazee muwatajie kodi, bima na kinachobaki, kwa tarakimu. Mzee wa Ujiji aliyeuza mawese maisha yake yote haogopi hesabu. Anachochukia ni kufichwa.

Giza sitalizungumza sana, kila anayerudi analizungumza. Desemba, saa kumi jioni kwishne, wakati huku jua linaingia nyuma ya milima ya Kongo karibu saa moja. Unazoea. Upweke wa Jumapili ni mgumu zaidi, maduka karibu yote yamefungwa na jengo zima kimya. Siku hiyo ndiyo mpige simu, na mpige kusalimia tu.

Mkitaka kusaidia, angalieni begi. Nyama na maziwa haviingii Umoja wa Ulaya, na embe za Ujiji bila cheti cha ukaguzi wa mimea zitaishia kwenye pipa la uwanja wa ndege. Samaki mkavu wa kula mwenyewe anaruhusiwa hadi kilo 20, kwa hiyo dagaa wafungeni vizuri, mifuko miwili miwili. Mawese msihangaike nayo, maduka ya Waafrika yapo karibu kila mji mkubwa na yanauza ya Ghana, mepesi kidogo kwa ulimi wetu lakini yanafaa. Unga wa muhogo pia upo. Jiko ni la watu sita, basi dagaa wakaangwe mchana wa siku ya kazi, dirisha wazi, wenzake wakiwa darasani.