Namna Juma Alivyoiteka Riwaya Yangu

Saa nne za usiku nilikuwa nikijiandaa kuutuma kwa mhariri muswada wa riwaya yangu ya pili, mke wangu alipoziweka chini kurasa za mwanzo na kuniuliza kwa sauti ya upole, ile inayotangulia mvua ya mawe: "Baba Zuhura, huyu mzee bahili anayehesabu vipande vya muhogo kabla wageni hawajala, ndiye uliyempa jina la Ali?" Nilikiri. Baba yake mzazi, yaani mkwe wangu wa Pangani, naye anaitwa Ali.

Nilijaribu kumweleza kwamba jina la mhusika haliokotwi kama embe lililodondoka. Wapo waandishi wapendao majazi, ambao humwita mkarimu Mpaji na mlafi Tumbo, msomaji akajua mwisho wa hadithi tangu ukurasa wa kwanza. Mimi hupendelea jina la kawaida, fupi, litamkwalo kwa pumzi moja, na huyu Ali nilikuwa nimeishi naye miaka miwili hadi najua anavyokohoa. Mke wangu akasema hata yeye anajua anavyokohoa, kwa kuwa ndiye aliyemlea.

Basi nikachagua Juma. Kompyuta ina amri ya kutafuta neno na kulibadilisha kila lilipo. Nikaandika Ali upande mmoja, Juma upande wa pili, nikabonyeza. Nilitarajia mabadiliko kama 400. Ikaniarifu kwamba imebadilisha mahali 7,316, nami badala ya kushtuka nikajipongeza kwa kuumba mhusika anayeitawala hadithi kiasi hicho. Nikahifadhi juu ya nakala pekee niliyokuwa nayo, nikaituma, nikalala usingizi wa mtu mwema.

Asubuhi mhariri alijibu kwa adabu kubwa. Alikuwa amesoma kurasa tatu, na kabla hajaendelea aliomba kufahamishwa kama hii ni riwaya ya majaribio, au ni lahaja ambayo hajapata kukutana nayo.

Nikaufungua muswada. Sentensi ya kwanza, ambayo nilikuwa nimeiandika upya labda mara thelathini, ilisomeka hivi: "HJumama Jumaamka mapema, Jumakunywa chai yenye asJuma, kisha Jumaelekea hospitJuma ya serikJuma." Mwalimu alikuwa mwJumamu, na nchi ya Italia imekuwa ItJumaa. Katika sura ya tisa, ambayo niliitegemea imtoe msomaji jasho, mpelelezi "Jumatatua fumbo siku ya Jumatatu."

Kosa langu lilikuwa kutokuweka alama kwenye kisanduku kidogo kinachoiamuru mashine itafute neno zima, lakini mtego wenyewe umo ndani ya lugha yetu: "a" ya nafsi ya tatu ikikutana na "li" ya wakati uliopita, Ali huzaliwa mwanzoni mwa kitenzi, na wakitenda wengi, kama katika "walikuja", yeye hujibanza tumboni. Waliookoka ni "nilikuja" na "ulikuja" za kwenye mazungumzo, pamoja na "hakuja" na "hakula". Kwa hiyo karibu kila jambo ambalo wahusika wangu walilifanya lilikuwa limeharibika, na yale ambayo hawakuyafanya yakabaki safi kabisa.

Mtu mwenye busara angeishia hapo na kuomba msaada. Mimi nilirudia amri ile ile kinyumenyume, Juma awe tena Ali. Nikapata "serikAli" na "hospitAli", na juu ya hayo wiki yangu nzima ikabomoka: Alimosi, Alipili, Alitatu, Alinne, Alitano. Ijumaa ikawa IAlia. Siku pekee iliyosalimika ni Alhamisi.

Ikanibidi nichapishe kurasa zote 280 na kuzisahihisha kwa kalamu nyekundu, kazi iliyonichukua majuma matatu (neno hilo nalo sasa hunitia baridi). Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo hakuna mhariri aliyewahi kuniambia. Kurasa zilizojaa wekundu ndizo zilizokuwa butu tangu awali: alisimama, alitazama, alifikiri, aliketi, kana kwamba naandika ripoti ya mlinzi wa zamu. Pale nilipoiacha "li" ifungue mlango mara moja tu, kisha "ka" ikayabeba matukio kama wafanyavyo bibi zetu wakisimulia, akatoka, akafunga, akaenda zake, kalamu haikuwa na kazi. Sura ya tisa niliifumua yote.

Riwaya ikapelekwa tena, safari hii Juma akiwa mtu mmoja tu. Karatasi zenye wekundu zikahamia jikoni, na mkwe wangu alipokuja kututembelea, mke wangu akamfungia vitumbua vya safari kwa kurasa kadhaa.

Baada ya siku mbili alinipigia simu. "Mwanangu, nimesoma. Nimo serikalini, nimo hospitalini, na hata Jumatatu umeiita kwa jina langu. Nimewasomea wenzangu hapa kwenye baraza ya kahawa, na kila mmoja ameahidi kununua kitabu chake."

Kitabu kilikuwa kimekwisha kuingia mtamboni, na ndani yake hamna mtu aitwaye Ali hata mmoja.

"Baba," nilimjibu, "ukisoma kwa makini utajiona karibu katika kila sentensi."