Mkahawa wa Kiitaliano mimi naupima kwa spageti za nyanya

Malindi haina uhaba wa mikahawa ya Kiitaliano, na kila mgeni wangu huniuliza aende upi. Ile ya ufukweni simpeleki. Namwingiza mitaani, kwenye ule wenye meza chache chini ya makuti, vyakula vya siku vimeandikwa kwa chaki ubaoni, paka anajipitisha miguuni mwa wateja.

Watu hudhani Waitaliano walivutwa hapa na bahari peke yake. Kumbe miaka ya 1960 walishaanza kurusha setilaiti pale Ngomeni, kaskazini mwa mji. Ile iliyoitwa Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka San Marco, jukwaa lililosimikwa baharini, siku Kenya inatimiza miaka saba ya uhuru. Wahandisi walikula nini sijui, ila leo kijana wa ufukweni atakurushia "ciao" kabla ya "mambo".

Nikishakaa, naagiza spageti za nyanya. Si ubahili. (Haya, na ubahili kidogo umo.) Ukiagiza kambakoko, utamu wake umetoka nao baharini, mpishi hana alichoongeza. Nyanya haimfichi mtu. Tambi zinatakiwa ziepuliwe zikiwa na ugumu kidogo katikati, zimalizie kuiva ndani ya sosi pamoja na upawa wa maji zilizochemkia, maana wanga ulio kwenye maji hayo ndio unaoshikisha sosi. Ukiletewa sahani ambayo sosi imekaa juu kama kofia na maji yanachuruzika chini, jua jikoni hakuna mtu.

Hapo ndipo sisi wa pwani tunapogombana na Waitaliano. Tambi zetu za Ramadhani, za sukari, iliki na zabibu, hulainika mpaka basi. Mama yangu alipoonja za mkahawani alisukuma sahani pembeni. "Mwanangu, hizi hazijaiva." Mpishi, kijana wa Kigiriama, akatoka mwenyewe jikoni.

"Shikamoo mama. Nikizirudisha motoni zitakuwa uji."

"Marahaba. Basi nipe huo uji."

Akampikia. Mama akamaliza yote na kuomba mkate wa kufutia sosi, jambo ambalo Waitaliano wenyewe hulifanya bila haya.

Linaloniudhi ni moja. Mji huu una Waislamu wengi, lakini ubao hauonyeshi kilichomo ndani ya chakula. Carbonara ya Kirumi ni tambi kwa mayai, jibini, pilipili manga na nyama ya shavu la nguruwe. Ragù nayo, sosi ya nyama, mara nyingi huchanganywa ng'ombe na nguruwe, ikatiwa divai. Mteja aliyejitanda mtandio asilazimike kumwita mhudumu na kumnong'oneza. Chaki mnayo, enyi wenye mikahawa: andikeni "ina nguruwe", tena kwa Kiswahili.