Nani Atatunza Majina ya Wafanyakazi kwa Miaka Arobaini?

Katika mkutano mmoja wa kuwashauri wahitimu wa fani za afya kuhusu ajira, nilimsikia binti mmoja akimwuliza mzungumzaji mkuu iwapo kuna mustakabali wowote kwa mtu anayetaka kufanya kazi ya epidemiolojia ya afya kazini na mazingira serikalini, yaani kuchunguza kwa hesabu ni nani wanaougua, kwa nini, na kazi au mazingira yao yanahusikaje. Bwana yule, ambaye amejipatia jina na mali kwa kuyaandikia makampuni ripoti za ushauri, alitabasamu kabla ya kujibu, kisha akasema kwamba kazi hiyo inamfaa mtu aliyechoka mapema, kwa kuwa humo mtu huhesabu majalada hadi siku ya kustaafu. Ukumbi ukaangua kicheko, binti akaketi, na mjadala ukahamia kwenye namna ya kuandika wasifu unaowavutia waajiri.

Mimi sikucheka. Kazi hiyo nimeifanya kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kejeli zake nimekwisha kuzizoea. Kilichoniudhi ni kwamba bwana yule, bila kujua, aliitaja sifa kubwa kuliko zote za kazi hii akidhani anaitaja aibu yake. Naam, tunahesabu majalada. Angetuambia basi ni nani mwingine aliyejitolea kuyahesabu.

Niyaseme kwanza yale nisiyoweza kuyakana, ili wasomaji wenzangu wa serikalini wasiniandikie barua. Mshahara ni mdogo kuliko anaolipwa mtu mwenye shahada hiyohiyo katika kampuni. Barua ya kuomba kifaa cha kupimia vumbi huweza kuzunguka meza nyingi hadi uchunguzi wenyewe ukapitwa na wakati. Ripoti iliyokamilika huweza kulala kwenye droo ya mkubwa anayesubiri wakati mwafaka, ambao kwa kawaida huwadia baada ya yeye kuhamishwa. Nimekiri, na sitarudia.

Tuje kwenye jambo lenyewe. Kipindupindu humwangusha mtu ndani ya siku chache, na hata asiyejua takwimu hutambua kwamba pana balaa. Magonjwa mengi ya kazini hayana adabu hiyo ya kujitangaza. Mesotelioma, saratani ya utando wa mapafu inayohusishwa na asbesto, madini ya nyuzinyuzi yasiyoshika moto, kwa kawaida hujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya mtu kuanza kuvuta nyuzi zake, na silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la silika litokalo kwenye mawe na mchanga, huweza kuendelea kuyakaza mapafu hata baada ya mchimbaji kuacha kazi na kuondoka vumbini. Siku mgonjwa anapoketi mbele ya daktari, kiwanda kimekwisha kuuzwa mara mbili, msimamizi wake amefariki, na daktari mwenye foleni ndefu anamwuliza kama anavuta sigara, wala hamwulizi alikuwa akifanya kazi gani alipokuwa na umri wa miaka 22. Tabibu wa Kiitalia Bernardino Ramazzini aliwahimiza madaktari wenzake wamwulize mgonjwa kazi yake tangu mwaka 1700. Bado tunawahimiza.

Ili kumwunganisha mgonjwa huyo na vumbi la ujana wake zinahitajika orodha mbili: ya nani alifanya kazi wapi na lini, na ya nani aliugua au kufa kwa maradhi gani. Kampuni haina hamu ya kuitunza ile ya kwanza baada ya mfanyakazi kuondoka, na ikifilisika haina hata mahali pa kuitunzia. Chuo kikuu hufanya utafiti kwa fedha za miaka mitatu au mitano, kisha fedha huisha, mwanafunzi huhitimu, na takwimu hubaki kwenye kompyuta ya mtu aliyekwisha kuhama. Mashirika ya hiari hufanya mengi mema, lakini hufuata mada ambayo wafadhili wanaipenda mwaka huo. Ni serikali peke yake ambayo, ikiwa na watu makini ndani yake, inaweza kusubiri miaka 40 bila kusahau ilikuwa ikisubiri nini. Ni hiyo yenye rejista ya vifo, rejista ya saratani na kumbukumbu za michango ya hifadhi ya jamii, na ndiyo yenye sheria inayomruhusu mkaguzi kugonga lango la kiwanda na kufunguliwa.

Mfano ninaoupenda ni wa Edward Merewether, daktari mkaguzi wa viwanda katika serikali ya Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alitumwa kuchunguza kama vumbi la asbesto huwadhuru wafanyakazi wa viwanda vya kusokota na kufuma nyuzi hizo. Aliwapima wafanyakazi 363, akakuta 95 kati yao, yaani zaidi ya robo, mapafu yao yamekakamaa, na kadiri mtu alivyokuwa amekaa kazini miaka mingi ndivyo uwezekano wa kuugua ulivyokuwa mkubwa. Mwenzake Charles Price, mkaguzi mhandisi, akaandika namna vumbi hilo linavyoweza kudhibitiwa. Ripoti yao ilitoka mwaka 1930, na kanuni za sekta ya asbesto zikatungwa mwaka uliofuata. Watumishi wawili wa umma, wenye haki ya kuingia na subira ya kuhesabu, walikamilisha jambo ambalo wenye viwanda hawakuwa na haraka nalo hata kidogo. Kwamba Uingereza haikuipiga asbesto marufuku kabisa hadi mwaka 1999 ni aibu ya watu wengine, wengi wao wakiwa na mishahara mizuri sana.

Kuna kasoro moja katika uchunguzi ule, nayo inaeleza kwa nini naing'ang'ania habari hii ya orodha. Merewether aliwapima watu waliokuwa bado kazini. Waliokwisha kuelemewa na kikohozi walikuwa wamerudi makwao, kwa hiyo hali halisi bila shaka ilikuwa mbaya kuliko idadi yake inavyoonyesha. Jambo hili halikuwa geni. William Ogle, msimamizi wa takwimu katika ofisi ya msajili mkuu wa vizazi na vifo ya Uingereza, alikuwa ameeleza tangu mwaka 1885 kwamba kazi ngumu huwachuja wadhaifu, ikabaki na wenye nguvu, na hivyo vifo vya wanaoifanya huonekana vichache kuliko inavyostahili. Siku hizi tunaiita athari ya mfanyakazi mwenye afya, na kila mwanafunzi wa fani hii huikariri kwa ajili ya mtihani. Kuikariri ni rahisi. Shughuli ipo siku unapokutana nayo imevaa tai.

Mimi nilikutana nayo katika kiwanda kimoja kilichokuwa kikitumia mchanga wa silika. Meneja alitukaribisha vizuri, akatuonyesha vitabu vya zahanati ya kiwanda, akasema kwa fahari kwamba wafanyakazi wake wana afya kuliko watu wa mitaani. Alikuwa akisema kweli tupu. Wote waliokuwa wakikohoa walikuwa wameachishwa kazi, au wameondoka wenyewe kabla ya kuachishwa, na afya ya waliobaki ilikuwa ya kupigiwa mfano. Tulipoomba orodha ya walioacha kazi katika miaka ya nyuma, tukaambiwa kwa masikitiko makubwa kwamba imepotea. Ya waliopo ilikuwa imetunzwa vizuri ajabu, ila hiyo moja tu ndiyo iliyopotea. Majina tuliyapata mwishowe katika kumbukumbu za michango ya hifadhi ya jamii, ambazo karani mmoja mwenye subira alikuwa amezipanga mwaka hadi mwaka bila yeyote kumwagiza. Tulipoanza kuwatafuta watu hao mmoja mmoja, majirani walituelekeza kwa wajane wengi kuliko kwa wenye majina yenyewe. Hakuna mshauri wa kampuni ambaye angeruhusiwa kuzifungua kumbukumbu hizo, na sidhani kama kuna kampuni ambayo ingemlipa azifungue.

Ndiyo maana damu hunichemka ninaposikia maneno "hakuna ushahidi" yakitamkwa na mtu aliyehakikisha kwamba hakuna aliyehesabu. Kutopatikana kwa wagonjwa mahali ambapo hakuna aliyewatafuta huchukuliwa kuwa cheti cha usalama, na cheti hicho hutumika mwaka baada ya mwaka hadi mtu mmoja wa serikali, mwenye kalamu na kibali, akaenda kugonga milango. Angalieni habari ya risasi, ile metali yenye sumu, iliyokuwa ikitiwa katika petroli. Marekani ilikuwa na uchunguzi wa kitaifa wa afya na lishe, ambao katika awamu yake ya mwaka 1976 hadi 1980 ulipima damu ya maelfu ya watu wa kawaida, wengi wao wakiwa hawana ugonjwa wowote. Katika kipindi hicho kiwango cha wastani cha risasi katika damu kilishuka kwa takriban asilimia 37, sambamba na kupungua kwa risasi iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli. Wenye maslahi walikuwa wamedai kwa miaka mingi kwamba risasi ya magari haifiki mwilini kwa kiasi cha kutia hofu. Sasa kulikuwa na mistari miwili kwenye karatasi iliyoshuka pamoja. Serikali, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa ikifikiria kuzilegeza kanuni, ikageuka ikazikaza, na mwaka 1985 ikaamuru kiwango kinachoruhusiwa kishushwe kwa zaidi ya asilimia 90. Petroli ya magari yenye risasi ilikoma kuuzwa duniani mwaka 2021, Algeria ikiwa nchi ya mwisho. Watu waliochukua sampuli zile za damu hawakutajwa katika hotuba yoyote ya ushindi, na wengi wao huenda waliambiwa na ndugu zao kwamba wanapoteza muda.

Naweza kusikia pingamizi kwamba serikali hiyohiyo ninayoisifu mara nyingi ndiyo inayofunika kombe. Nakubali, kwa shingo upande. Huko Minamata, Japani, ugonjwa wa sumu ya zebaki uligunduliwa rasmi mwaka 1956, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walikuwa wameielekea zebaki kufikia mwaka 1959. Lakini serikali haikutamka rasmi kwamba chanzo ni maji taka ya kiwanda cha Chisso hadi mwaka 1968, na kwa muda wote huo watu waliendelea kula samaki. Miaka ile haina utetezi. Hata hivyo, ninaposoma habari hizo najiuliza ndani ya zile wizara alikosekana nani, na jibu langu ni kwamba alikosekana mkaidi. Kuwakimbiza wakaidi waende sekta binafsi ni njia ya ajabu ya kuirekebisha serikali.

Vilevile haki ya kuingia kiwandani si kila mara imetosha, wala haikuwapo kila mara. Alice Hamilton, aliyechunguza sumu ya risasi katika jimbo la Illinois mwaka 1910 na kisha kuajiriwa na serikali ya shirikisho, hakuwa na mamlaka ya kuingia kwenye kiwanda chochote kwa nguvu ya sheria. Aliingia kwa kuwashawishi wenye viwanda, na pale aliposhindwa kupata alichokitaka alipekua kumbukumbu za hospitali na kwenda majumbani kwa wagonjwa. Nawaeleza hili vijana wanaodhani kwamba kitambulisho cha serikali kitawafanyia kazi. Kitawafikisha getini, baada ya hapo ni utu wako, na uwezo wako wa kuzungumza na mtu anayeogopa kupoteza kibarua chake kwa sababu yako.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalichapisha makadirio ya pamoja kwamba watu wapatao milioni 1.9 walikufa mwaka 2016 kutokana na magonjwa na ajali zinazohusiana na kazi, magonjwa yakiwa na sehemu kubwa kuliko ajali, na kwamba kufanya kazi kwa saa nyingi kupita kiasi peke yake kulihusishwa na vifo karibu 750,000. Makadirio ya namna hiyo hujengwa juu ya rejista za vifo na tafiti za nguvu kazi ambazo watumishi wa umma wa nchi mbalimbali huzijaza. Sitashangaa nikikuta idadi hizo kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti inayofuata ya yule bwana wa majalada.

Kwa yeyote anayefikiria kuomba nafasi hii, takwimu utafundishwa, na programu za kompyuta hubadilika kila baada ya miaka michache, kwa hiyo usizihofu sana. Jifunze jinsi bidhaa inavyotengenezwa hatua kwa hatua, kwa sababu mtu asiyejua vumbi linatokea wapi hawezi kujua amwulize nani. Jifunze kuandika ripoti ambayo mwenye mapafu hayo anaweza kuisoma mwenyewe. Na kwenye usaili, wakikuuliza kama una swali, waulize orodha za wafanyakazi walioacha kazi zinahifadhiwa wapi, kwa miaka mingapi, na nani anaruhusiwa kuzilinganisha na rejista ya vifo. Wakikujibu bila kusita, umepata ofisi nzuri. Wakitazamana, kubali kazi hiyo vilevile, maana utakuwa umekwisha kujua utakachokifanya kwa miaka mitano ya kwanza.