Watalii milioni 5 wametimia, dola bilioni 6 bado

Ilani ya uchaguzi ya 2020 ya CCM, chama tawala, iliweka malengo mawili makubwa kwenye utalii. Ifikapo 2025, Tanzania iwe inapokea watalii milioni 5 kwa mwaka, na mapato yafike dola bilioni 6. Lengo la kwanza serikali ilitangaza kuwa limetimia kabla ya muda. Mwaka 2024 waliingia wageni 2,141,895 kutoka nje, na ukiwajumlisha na watalii wa ndani, ambao walizidi milioni 3, hesabu inapita milioni 5. Lengo la pili halikutimia. Mapato ya mwaka huohuo yalikuwa chini ya dola bilioni 4.

Vichwa vimetimia, fedha hazijatimia. Wapo wanaosema dawa ni kuongeza vichwa zaidi. Wapo wanaosema tupunguze vichwa, tupandishe bei, tupokee wachache wenye uwezo. Nimefuatilia mabishano haya muda mrefu na ninaona kila upande una hoja nzito, lakini wote wawili wanahesabu getini. Mimi ningependa tuhesabu mahali pengine: ndani ya hifadhi wageni wamerundikana wapi, na nje ya hifadhi anayelima jirani na tembo amepata nini.

Nianze na wanaotetea wingi, kwa sababu kwenye mijadala ya uhifadhi mara nyingi hawasikilizwi.

Chukua Kilimanjaro. Mgeni mmoja anayepanda kwa njia ya Machame anahitaji mwongozaji, mpishi na wapagazi watatu au wanne, kwa kuwa mpagazi haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20. Awe tajiri wa kutupwa au mwalimu aliyedunduliza mshahara wake miaka mitano, idadi ya watu wanaopata kazi kupitia yeye haitofautiani sana. Ukipunguza wapandaji kwa nusu na kupandisha ada mara mbili, hazina haitaona tofauti. Kijana wa Moshi anayeishi kwa kubeba mizigo ataiona wiki ya kwanza.

Barabara ya Arusha kwenda Ngorongoro nayo inasema hivyohivyo. Mgeni wa kambi ya mahema anasafiri kwa gari. Anapita Makuyuni, anashuka Mto wa Mbu, anapanda Karatu. Mpishi wake ananunua vitunguu, karoti na ndizi njiani, gari linajazwa mafuta, pancha inazibwa, maji yananunuliwa kwa katoni. Mgeni wa hoteli ya kifahari mara nyingi anapaa kutoka Arusha na kutua Seronera au Kogatende, ndani ya Serengeti, kwa ndege ndogo. Analipa zaidi, hilo halina ubishi, lakini kati ya uwanja wa ndege na kitanda chake hakuna genge hata moja.

Halafu kuna mtalii wa ndani. Mtanzania anaingia Serengeti kwa Sh10,000 kabla ya kodi, wakati mgeni wa nje msimu wa juu analipa dola 70 kabla ya kodi. Kwa mhasibu, Mtanzania huyu ni hasara tupu. Lakini mwaka 2020, wakati wa korona, mhasibu huyo alipata somo: wageni wa nje walianguka kutoka 1,527,230 mwaka mmoja kabla hadi 620,867, na kambi zikafungwa. Hifadhi isiyojulikana na wenye nchi haina wa kuikimbilia siku kama hizo. Tangu treni ya umeme ianze safari zake mwaka 2024, mtu anafika Morogoro kutoka Dar es Salaam asubuhi, anachukua gari hadi Mikumi, anaona tembo na twiga, na usiku analala kwake. Mtoto aliyekulia Temeke bila kumwona mnyama mwingine zaidi ya mbuzi na paka, leo anaijua Mikumi. Sitakubali kuambiwa huyo ni namba ya kujazia takwimu.

Hadi hapo wanaotetea wingi wanashinda. Tatizo lao linaanzia ukingoni mwa Mto Mara.

Kati ya Julai na Oktoba nyumbu wanafika kaskazini mwa Serengeti kufuata maji ya mto huo, ambao haukauki wakati wa kiangazi. Wanajikusanya ukingoni kwa maelfu. Wanasogea, wanarudi nyuma, wanasogea tena. Inaweza kuchukua saa nzima, inaweza kuchukua siku. Magari yanatakiwa kusubiri mbali, yasisogee mpaka wa kwanza waingie majini. Kisha redioni inasikika sauti kwamba wameanza kuvuka, na kila dereva anawasha gari. Anayechelewa atawaweka wageni wake nyuma ya paa za magari ya wenzake. Wageni hao wamelipa maelfu ya dola, na bakshishi yake ya safari nzima imeegemea dakika hizo kumi. Vumbi linapanda, magari yanaziba mahali nyumbu wanapotokea, na waliokwisha kuogelea wanakuta mbele hakuna pa kupandia. Wengine wanageuka, wanarudi kwenye maji yenye mamba.

Julai 2025 zilisambaa video za wageni walioshuka kwenye magari na kusimama kwenye njia ya nyumbu, jambo ambalo kanuni za hifadhi zinalikataza waziwazi. TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi za taifa, ikalazimika kutoa tamko. Watu mtandaoni waliwashambulia madereva. Naelewa hasira yao, ila dereva ni mtu wa mwisho kwenye mnyororo huu. Kuvuka huko kwa nyumbu tumekutangaza duniani kote, tumeuza nafasi bila ukomo, kisha tunamtaka dereva mmoja awe mlinzi wa mto mbele ya mteja anayemlipa.

Hapa ndipo wanaotetea bei wanapoinua mkono na kuitaja Rwanda. Mwaka 2017 Rwanda ilipandisha kibali cha kuwaona gorila wa milimani kutoka dola 750 hadi 1,500. Kundi moja la gorila linatembelewa na watu wanane kwa siku, kwa saa moja, basi. Pamoja na kupandisha bei, serikali iliongeza mgawo wa jamii zinazozunguka hifadhi kutoka asilimia 5 hadi 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi. Gorila hao, ambao walikuwa karibu kutoweka, sasa wamezidi 1,000 katika Rwanda, Uganda na Kongo kwa pamoja, na mwaka 2018 walishushwa daraja moja kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Ni mafanikio ya kweli na yanastahili heshima.

Lakini kinachoigwa kutoka Rwanda huwa ni ile 1,500, na ile nane inasahaulika. Kilichomlinda gorila ni ukomo wa watu. Bei ilikuja kwa sababu nafasi ni chache. Kenya upande wa pili wa mpaka, kwa nyumbu walewale, Kaunti ya Narok ilipandisha ada ya Maasai Mara tangu Januari 2024: dola 100 kwa mgeni wa nje nusu ya kwanza ya mwaka, dola 200 nusu ya pili. Bei peke yake haipangi magari. Aliyelipa 200 anataka kusimama ukingo uleule saa ileile ambayo angetaka kama angelipa 100, na anadai zaidi.

Isitoshe, bei kubwa inachagua kampuni pamoja na wageni. Ofisi ndogo ya Arusha yenye magari mawili inaishi kwa kuwauzia vijana wa Ulaya wanaolala kwenye mahema. Ukifunga mlango huo, biashara inahamia kwa wenye kambi za kudumu na ndege zao, na wengi wa hao makao yao makuu hayako Arusha.

Kuna hoja ya tatu inayosikika vizuri masikioni: tuwapunguze kaskazini, tuwapeleke kusini. Nchi hii haina nyumbu tu. Kuna Nyerere, iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019, yenye kilomita za mraba zaidi ya 30,000, mara mbili ya Serengeti yenye 14,763. Kuna Katavi, ambako kiangazi viboko wanasongamana kwenye madimbwi ya Mto Katuma mpaka maji hayaonekani. Udzungwa kuna maporomoko ya Sanje na nyani wasiopatikana popote pengine duniani. Kitulo kuna maua. Mafia kuna papa potwe. Mahale sokwe wanaishi mlimani huku Ziwa Tanganyika likiwa chini yao. Mgeni angeweza kukaa mwezi mzima bila kukanyaga Arusha.

Nilikuwa naiunga mkono hoja hii bila masharti mpaka yalipotokea ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa mradi wa REGROW, wa kuinua utalii wa kusini: barabara, viwanja vya ndege, mafunzo. Wakati huohuo mpaka wa hifadhi upande wa Usangu ukawa chanzo cha mgogoro na vijiji vya wilaya ya Mbarali. Yakaja madai ya watu kupigwa na ng'ombe kukamatwa. Aprili 2024 benki ilisimamisha malipo, na mwishoni mwa mwaka huo mradi ukafutwa. Aliyeumia mara mbili ni mwananchi wa kusini: mgogoro alikuwa nao, na barabara ya fedha zile hakuipata.

Na Ruaha kuna jambo gumu zaidi ya hilo. Tangu 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi. Juu yake, Usangu, ndiko unakolimwa mpunga unaolisha mamilioni, na ndiko walikohamia wafugaji waliosukumwa kutoka kwingine. Mhifadhi anasema bila mto hakuna hifadhi, na chini ya mto huo kuna bwawa la Mtera, kuna umeme. Mkulima anasema bila maji hakuna wali. Wote wanasema kweli. Ukimpeleka mtalii Ruaha umeingia kwenye mgogoro wa maji, na huo hautatuliwi na tangazo la televisheni.

Ngorongoro nako ni hivyohivyo kwa uchungu mkubwa zaidi. Sheria ya 1959 iliruhusu Wamaasai waliotolewa Serengeti waishi humo pamoja na wanyama. Walikuwa kama 8,000 wakati huo. Kufikia 2022 walikuwa wamezidi 100,000, na serikali inasema eneo limezidiwa. Tangu Juni 2022 kaya zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilayani Handeni, kwa kile serikali inachokiita hiari. Wakazi wengi wanapinga neno hilo: wanasema huduma za afya na shule zilidhoofishwa makusudi ili waondoke wenyewe, na Agosti 2024 walifunga barabara kwa maandamano. Ongezeko la watu na mifugo ni la kweli, sitalipuuza. Ila ni vigumu kumwambia mfugaji kwamba ardhi imechoka na ng'ombe wake, huku kila asubuhi anatazama msururu wa magari ukishuka kwenye kreta ya kilomita za mraba 260. Kama kuna ukomo wa mfugaji, lazima kuwe na ukomo wa mtalii, na uandikwe kwa namba.

Tukirudi kwa yule anayelima jirani na tembo, kanuni za 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi ziliweka Sh100,000 kwa ekari kama kiwango cha juu cha mazao yaliyoharibiwa, si zaidi ya ekari tano, na shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikulipwa kabisa. Mtu aliyeuawa na mnyama, familia yake Sh1,000,000. Viwango hivyo hata vikipandishwa mara mbili au tatu, bado familia ya marehemu itapokea chini ya kile wageni wawili wanacholipa kwa usiku mmoja kwenye hoteli za juu za Serengeti.

Mahali ambapo mwananchi ana hisa ya kweli ni kwenye hifadhi za jamii, zile WMA. Burunge, kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, vijiji vilitenga ardhi yao kwa ajili ya mapito ya wanyama na kambi za kitalii zinawalipa. Bila wao, Tarangire ingebaki kisiwa. Malalamiko yao makubwa ni kwamba malipo yanapitia kwanza serikalini na hayarudi kwa wakati. Mwaka 2020 ada za TANAPA na Ngorongoro nazo zilianza kukusanywa na TRA, mamlaka ya mapato, na kuingia Mfuko Mkuu wa Serikali. Naelewa sababu: zahanati ya Lindi nayo inastahili dola ya Serengeti. Lakini kijiji kinachosubiri mgawo miezi kadhaa kinaanza kukodisha ardhi kwa mkulima anayelipa taslimu, na mkulima akishajenga uzio, tembo hapiti tena.

Kwa hiyo sioni haja ya kuchagua kati ya wengi na wachache kwa nchi nzima. Mikumi na Kilimanjaro zipokee wengi. Kogatende, kwenye ukingo ule wa Mto Mara, na kreta ya Ngorongoro ziwekewe ukomo wa magari kwa zamu, vibali vikatwe mapema mtandaoni, na sehemu yake itengwe kwa kampuni ndogo za wazawa ili wenye mitaji wasivimalize Januari. Itaudhi watu, na TANAPA itahitaji askari wa kutosha ukingoni mwa mto. Na wizara inapotangaza idadi ya wageni kila mwaka, itangaze pamoja nayo kiasi kilichofika Burunge, Ikona, Enduimet na kila WMA nyingine, kijiji kwa kijiji, na tarehe kilipofika.